Mvinje uliopita kimo kitaluni: kuufanya bonsai hapa Malindi

Vitalu vingi kati ya Gede na Malindi vina kona ya mivinje iliyokosa mnunuzi. Mkulima wa nguzo anataka mche mdogo, mnyoofu, unaoshika upesi shambani. Ule uliokaa kwenye kiriba miaka miwili mitatu, ukatoboa plastiki na kuzamisha mizizi ardhini, kwake ni hasara. Kwa mtu wa bonsai, yaani anayekuza mti ukiwa mdogo chunguni lakini wenye umbo la mti mzee, huo ndio mti wenyewe. Shina limeshanenepa, na ndani ya chungu hakuna kinachochelewa kupatikana kama unene wa shina.

Anayesoma habari za bonsai kwenye intaneti hukutana upesi na Metasequoia, mti wa Uchina ambao jina lake lilitolewa kwa visukuku mwaka 1941, kisha miti hai ikaelezwa rasmi mwaka 1948. Wakuzaji wake huchukua miche mirefu ya kitaluni, huikata kimo na kuijengea kilele kipya. Mti huo hupukutisha majani na kulala wakati wa baridi. Pwani hatuna baridi ya kuulaza, kwa hiyo usihangaike kutafuta mbegu zake. Njia yake lakini inaufaa mvinje sana, maana miti yote miwili ina tabia moja: nguvu hukimbilia kileleni na matawi ya chini hunyimwa. Mambo yanatofautiana kwenye mizizi na maji, na hapo ndipo mivinje mingi inapofia.

Kitaluni, usitazame kimo. Tazama chini. Tafuta shina la sentimita 3 hadi 5 usawa wa udongo, kisha fukua kidogo kwa kidole uone kama mizizi imetawanyika pande zote au imejisokota upande mmoja. Miche ya katikati ya tuta imegombania mwanga na haina tawi mpaka usawa wa kiuno, iache. Ya pembeni ndiyo yenye matawi ya chini. Unahitaji angalau tawi moja lenye ukijani karibu na udongo, chini ya pale utakapokata shina. Shina likikatwa mahali ambapo chini yake hamna ukijani wowote, huenda mvinje ukachipua, na huenda ukakauka hadi mizizini. Mimi siukati hivyo kamwe.

Sasa mpangilio wa kazi, ambao naona ndio unaoamua mti uishi au ufe. Mizizi iliyopenya chini ya kiriba ising'olewe kwa kuvuta. Masika yanapokaribia, pitisha kisu kikali chini ya kiriba, ukate mizizi hiyo hapo hapo kitaluni, kisha mti ukae kivulini wiki tatu au nne ukimwagiliwa kila siku. Wenye vitalu wanaifahamu kazi hii, ni ile ile wanayoifanya kabla ya kuuza miche; waombe. Makosa ya kawaida ni kuunyofoa mti, kuupakia bodaboda, na siku hiyo hiyo kuukata shina na kuuvua udongo wote. Mti uliofanyiwa hivyo utabaki kijani siku nyingi, mwenyewe akadhani umeshika, kumbe umekufa zamani. Ukiwa na shaka, kwangua gamba kidogo kwa ukucha: chini yake pakiwa pakavu na rangi ya kahawia, umekwisha.

Ncha mpya zikianza kutoka, kata shina. Hesabu ni rahisi. Mti unaopendeza huwa na kimo cha mara sita hadi kumi ya unene wa shina chini. Shina la sentimita 4 linatoa mti wa sentimita 24 hadi 40. Mkato wa kwanza uwe karibu theluthi ya kimo hicho, juu kidogo ya lile tawi lako la chini. Tumia msumeno wa meno madogo, kwa sababu mbao ya mvinje ni ngumu na makasi ya kupogolea huiponda. Kata kwa mshazari na uache kisiki cha sentimita 2, kwani mbao hukauka kidogo kuelekea chini. Kisiki kitasawazishwa baadaye. Paka gundi ya mbao kwenye jeraha. Usiweke mti chini: mchwa wa huku hawakawii kuona mbao iliyokufa. Panga matofali, au tengeneza meza yenye miguu.

Tawi lile lisimamishwe kwa waya liwe kilele kipya, kisha liachwe likue bila kuguswa mpaka unene wake pale linapoanzia ufike theluthi mbili ya shina lililokatwa. Halafu nalo likatwe, fupi zaidi ya kipande cha kwanza. Hivyo ndivyo shina linavyopata umbo la kupungua unene kuelekea juu, na waya pekee hauwezi kuleta umbo hilo. Anayepunguza ncha kila wiki ili mti uonekane nadhifu anazuia unene huo huo anaoutafuta.

Mizizi isubiri mvua za vuli. Toa kiriba, kata theluthi ya chini ya udongo kwa msumeno pamoja na mzizi mkuu, chambua sentimita 2 au 3 za pembeni, na uache kiini kama kilivyo. Mvinje haustahimili kuvuliwa udongo wote kwa mara moja. Udongo mwekundu wa Magarini uliobaki katikati utaondolewa mwaka unaofuata, nusu kwa nusu. Mzizi uliozunguka shina ukatwe sasa, la sivyo utalikaba.

Beseni la plastiki la kina cha sentimita 10 hadi 12, lenye matundu mengi chini, linatosha kwa miaka ya kwanza. Mchanganyiko wangu ni sehemu tatu za chenga za matofali yaliyochomwa, zilizochekechwa zikawa milimita 3 hadi 6, sehemu moja ya chenga za makaa, na sehemu moja ya udongo wa chini ya mvinje mkubwa. Udongo huo una vijidudu vya Frankia vinavyounda vinundu kwenye mizizi na kuupa mti naitrojeni ya hewani. Ukiona vinundu hivyo, usivikate ukidhani ni ugonjwa. Uwezo huo ulisaidia mvinje kushika kwenye machimbo ya mawe ya chokaa ya Bamburi, mtaalamu wa kilimo René Haller alipoanza kupanda miti huko mwaka 1971. Mchanga wa ufukweni usiutumie: una chumvi na hushikamana mpaka hewa haipiti.

Maji yanahitaji uangalifu kuliko yote. Mvinje wa ufukweni hustahimili ukame kwa sababu mizizi yake inafika mbali, lakini kwenye beseni hauna pa kwenda, na haunyauki ukakuonya. Wakati wa kaskazi mwagilia asubuhi na alasiri, mpaka maji yatoke chini. Wakuzaji wa Asia huweka chungu cha mvinje ndani ya trei yenye maji. Kwa maji ya visima vyetu yenye chumvi sikushauri hivyo: maji huvukizwa, chumvi hubaki na kujilimbikiza. Ukiona ukoko mweupe kwenye ukingo wa beseni na ncha za kahawia, suuza udongo kwa maji mengi ya mvua. Kinga maji ya paa wakati wa masika, uyaweke kwa kazi hiyo.

Waya wa shaba wa nyaya za umeme, za milimita za mraba 1.5 na 2.5, unafaa. Menya plastiki kwa kisu, usiichome, moshi wake ni sumu. Kisha pasha shaba motoni mpaka iwe nyekundu, itakuwa laini. Kunja matawi yangali membamba kama penseli. Kagua kila wiki, kwa sababu mvinje hunenepa haraka na waya huzama kwenye gamba.

Hivyo tunavyoviita majani ni vijitawi vyenye vifundo, na majani halisi ni vigamba vidogo pale kwenye vifundo. Kwa hiyo vuta kwa vidole, kijitawi kitakatika kifundoni. Makasi yakipita katikati ya pingili huacha ncha ya kahawia. Punguza juu mara mbili ya unavyopunguza chini, na usiache tawi lolote bila ukijani: tawi lililovuliwa lote kwa kawaida halirudi. Vijitawi vinavyoning'inia chini ya kila tawi viondolewe, mwanga ufike ndani. Mbolea iwe ya mbuzi iliyooza vizuri, konzi moja kila miezi miwili kwa beseni, na usimame kuitia kwa wiki sita baada ya kukata mizizi.