Ganda la chungwa kwenye rangi ya gari: usikimbilie kulaumu bunduki

Rangi ikikauka na vinundu kama ganda la chungwa, wengi husema bunduki ya kupulizia ni ya bei rahisi, inunuliwe nyingine. Mara nyingi si kweli. Vinundu hutokea matone yanapofika kwenye bati yakiwa makubwa au yameanza kukauka, yakashindwa kutandaa. Chanzo huwa rangi nzito, thina (kimiminika cha kulainisha rangi) inayokauka upesi mno kwenye joto la mchana, au kompresa (mashine ya kusukuma hewa) ndogo isiyomudu hewa ambayo bunduki inahitaji. Hili la kompresa husahaulika sana! Soma presha huku umebonyeza kifyatulio, maana hewa ikianza kutoka presha hushuka. Shika bunduki sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye bati, kila mpito wa bunduki juu ya bati ufunike nusu ya uliotangulia.