Maana ya "Mungu wa mapengo", na je sayansi inaonyesha Mungu yupo?

Hili swali la kama sayansi inathibitisha Mungu yupo linaulizwa sana, na majibu mengi utakayoyasikia, iwe kwenye mihadhara ya uwanjani au kijiweni tu kwenye kahawa, yanaenda njia moja: mtu anakutajia kitu ambacho wanasayansi hawajakielewa, uhai ulianzaje, fahamu ya binadamu inatoka wapi, kabla ya mlipuko mkuu ulioanzisha ulimwengu kulikuwa na nini, alafu anamalizia "si unaona, hapo ndo pana mkono wa Mungu". Hoja ya namna hiyo ndo inaitwa Mungu wa mapengo, yaani Mungu anayewekwa pale ambapo elimu yetu imeishia, na shida yake ni kwamba elimu ikisogea mbele na yeye inabidi arudi nyuma. Mimi naamini Mungu yupo, naamini kabisa, na ndo sababu hii hoja naiogopa kuliko hata hoja za wasioamini.

Tuanze na Newton, mwanasayansi wa Uingereza, maana ndo mfano wenyewe hasa. Mwaka 1687 alitoa kanuni ya mvutano, akaeleza kwa nini mwezi unaizunguka dunia na sayari zinalizunguka jua, kwa hesabu zilezile zinazoeleza embe linavyoanguka. Ila akabaki na tatizo moja, sayari nazo zinavutana zenyewe kwa zenyewe, kidogo kidogo, na yeye akaona huko kuvutana kukijikusanya kwa muda mrefu mizunguko itaharibika, kwa hiyo akaandika kwamba itafika wakati mfumo mzima utahitaji kurekebishwa, na wa kuurekebisha kwake alikuwa ni Mungu. Leibniz, mwanafalsafa Mjerumani, naye muumini, akampinga vikali mwaka 1715, akasema huko ni kumfanya Mungu kama fundi aliyetengeneza saa mbovu ambayo kila baada ya muda lazima arudi kuijaza na kuisafisha.

Na kweli wakati ule kulikuwa na kitu cha kutia wasiwasi. Mshtarii, ambayo wengi tunaijua kama Jupita, ilionekana inaongeza mwendo na Zohali (Saturni) inapunguza, ukiangalia rekodi za wanaastronomia wa zamani ukalinganisha na za wakati ule. Mwaka 1785 Laplace, mwanahisabati wa Ufaransa, akapata jibu. Mshtarii inalizunguka jua kwa miaka 11.86, Zohali kwa miaka 29.46, sasa piga hesabu, mizunguko mitano ya Mshtarii ni miaka 59.3 na mizunguko miwili ya Zohali ni miaka 58.9, tofauti ni kama miezi mitano tu. Kwa hiyo hizi sayari mbili zinapishana karibu na sehemu zilezile kila mara, ule mvutano mdogo unajirundika upande mmoja kwa mamia ya miaka, alafu taratibu unageuka unarudi upande wa pili, safari nzima kwenda na kurudi ni kama miaka 900. Hakuna kinachoharibika, ni kupanda na kushuka, na kanuni ileile ya Newton ndo inayoeleza. Kumbe lile pengo ambalo Newton alimweka Mungu lilikuwa hesabu ambayo hakuimaliza! Sasa fikiria mtu aliyekuwa amejenga imani yake yote pale.

Huku kwetu pengo kama hilo lilikuwa kwenye magonjwa zaidi kuliko kwenye sayari, na wakati mwingine aliyewekwa pale hakuwa Mungu, alikuwa shetani. Kifafa kwa mfano. Pale Mahenge, mkoa wa Morogoro, daktari Louise Jilek-Aall kutoka Norway alianzisha kliniki ya kifafa miaka ya 1960 kwa sababu wagonjwa walikuwa wengi kuliko kawaida na walikuwa wanatengwa, watu wanaogopa hata kumshika mtu aliyeanguka. Leo inajulikana kifafa ni hitilafu ya umeme kwenye ubongo, na kwa Mahenge utafiti unahusisha wingi wake na minyoo ya usubi inayoenezwa na inzi weusi wadogo wa kwenye mito inayokimbia kasi. Sisemi hili ili kuwabeza wazee wetu, hata Wagiriki waliuita ugonjwa mtakatifu, na zaidi ya miaka 2,000 iliyopita mmoja wao aliandika kwamba watu wanauona wa kiungu kwa sababu tu hawauelewi. Nasema kwa sababu pengo likijazwa haraka na jibu la mwisho, mtu anaacha kutafuta, na wanaoumia ni wagonjwa.

Kinachonigusa ni kwamba waliokemea hii hoja kwa ukali zaidi walikuwa watu wa dini. Dietrich Bonhoeffer, mchungaji wa Kilutheri aliyefungwa na serikali ya Hitler, aliandika akiwa gereza la Tegel, Berlin, tarehe 29 Mei 1944, kwamba Mungu tumtafute katika yale tunayoyajua, tusimfanye kiraka cha tusiyoyajua. Aprili mwaka uliofuata wakamnyonga. Na Charles Coulson wa Oxford, mwanahisabati na Mmethodisti, alilieneza hili jina la Mungu wa mapengo miaka ya 1950.

Alafu kuna Georges Lemaître, na huyu kila anayetumia mlipuko mkuu kama ushahidi wa Mungu angemjua kwanza. Alikuwa padri Mkatoliki wa Ubelgiji na mwanafizikia, ndiye aliyetoa wazo mwaka 1931 kwamba ulimwengu ulianza kutoka kitu kimoja kidogo alichokiita atomu ya mwanzo. Mwezi Novemba 1951 Papa Pius XII akahutubia wanasayansi akasema kama vile sayansi imefika kushuhudia ile "iwe nuru" ya kwenye kitabu cha Mwanzo. Ungetegemea padri afurahi, hapana, hakupendezwa kabisa! Kwake nadharia yake ilikuwa fizikia, ya kupimwa kwa darubini na hesabu, na wakati ule bado kulikuwa na nadharia shindani inayosema ulimwengu haukuwa na mwanzo, sasa kama Kanisa lingejifunga na upande mmoja alafu upande ule ukaanguka je? Mwaka uliofuata Papa aliongea na wanaastronomia Roma na lile dai hakulirudia. Ushahidi mkubwa wa mlipuko mkuu, yaani mnururisho (mionzi) uliobaki tangu ulimwengu mchanga, ulipatikana 1964, ukatangazwa 1965, Lemaître akapata habari muda mfupi kabla hajafa Juni 1966, kwa hiyo alikuwa sahihi kwenye fizikia, na bado msimamo wake ulikuwa sahihi pia.

Ila na upande wa pili nao wana kosa lao, maana wapo wanaosema kila pengo likijazwa Mungu anapungua mpaka ataisha. Hiyo nayo ni hoja ya mapengo imegeuzwa tu, inakubali kwamba Mungu kazi yake ni kukaa kwenye mashimo. Laplace alieleza sayari kwa kanuni ya mvutano, sawa, ila kwa nini kuna kanuni yoyote kabisa, na kwa nini inafuata hesabu ambazo akili ya binadamu inaweza kuzishika, hilo hakuligusa wala halikuwa swali lake.

Sasa je kuna hoja ya kisayansi isiyo ya mapengo? Inayokaribia kwa maoni yangu ni ile ya ulimwengu uliopangwa kwa usahihi mno, yaani namba za fizikia zimekaa palepale panaporuhusu uhai. Mwaka 1953 Fred Hoyle, mwanaastronomia Mwingereza asiyeamini Mungu, aliona kwamba kaboni, ambayo mwili wako umejengwa nayo, isingetengenezwa ya kutosha kwenye nyota kwa kuungana viini vitatu vya heliamu, isipokuwa kiini cha kaboni kiwe na kiwango fulani cha nishati karibu na elektronivolti milioni 7.65. Akawaambia wenzake kule California wakapime, wakapima, wakakikuta. Tena oksijeni nayo ina kiwango kilichokaa chini kidogo tu ya pale ambapo kingeimaliza kaboni yote. Miaka mingi baadaye Hoyle mwenyewe akaandika kwamba inaonekana kama kuna akili kubwa imechezea fizikia.

Tofauti yake na Newton ni kwamba hapa hoja inasimama juu ya kitu kilichopimwa, na kipimo hichohicho kinabaki hata elimu ikiongezeka. Wapo wanaojibu kwamba huenda kuna malimwengu mengi na sisi tumetokea kwenye linalofaa, na wapo wanaosema kesho fizikia ya ndani zaidi itaonyesha hizo namba haziwezi kuwa vingine, ambapo hata mimi nitauliza kwa nini hiyo fizikia ya ndani imetoa namba zinazoruhusu kaboni. Kwangu inaelekeza kwa Mungu bila kuthibitisha, na anayeiona vinginevyo simwiti mpumbavu.