Shelfu ya mvinyo ya kutengeneza nyumbani: pima chupa kwanza

Hapa Dodoma zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na chupa ya mvinyo ni zawadi ambayo wageni wengi huondoka nayo. Matokeo yake nyumba nyingi zina chupa kadhaa zimesimama juu ya friji, mahali pabaya kuliko pote: pana joto, panatetemeka mchana na usiku, na mara nyingi taa iko karibu. Kazi yangu ni useremala, na kila mwezi kuna mtu anayeniuliza kama anaweza kujitengenezea shelfu mwenyewe kwa msumeno, drili na mikono yake. Anaweza. Ninachomwomba ni kitu kimoja: asianze kwa kupima ukuta, aanze kwa kupima chupa.

Michoro mingi ya kwenye mtandao humpa mtu urefu na upana wa shelfu nzima, halafu chupa zinalazimishwa kuingia humo. Chupa ya kawaida ni mililita 750 na urefu wake ni kama sentimeta 30. Ile yenye mabega ya kukatika, ambayo ndiyo nyingi madukani, ina unene wa kama sentimeta 7.5. Yenye mabega ya kuteremka ni nene zaidi, na ya mvinyo wa mapovu hukaribia sentimeta 9. Chukua rula ukapime zile unazonunua wewe. Ikiwa moja tu kati ya hizo ni nene, hiyo ndiyo itakayoamua ukubwa wa matundu yote.

Muundo ninaomshauri mwanafunzi ni wa mbao mbili kwa kila safu. Ubao wa mbele ni wa tumbo, una nusu duara kubwa. Ubao wa nyuma ni wa shingo, una nusu duara ndogo. Chupa inaingia kwa kutanguliza shingo, kitako kinabaki mbele. Wengi hupenda shingo itazame nje kwa sababu inapendeza, na sina ugomvi na hilo, ila wajue gharama yake: ili kuitoa chupa lazima tumbo lote lipite juu ya ubao wa shingo, kwa hiyo kila safu inahitaji nafasi kubwa zaidi juu yake. Kitako kikiwa mbele, unaivuta chupa inateleza moja kwa moja, na safu zinaweza kukaribiana hadi sentimeta 13.

Sasa jambo linalofanya muundo huu uwe rahisi kuliko unavyoonekana. Usikate nusu duara. Toboa duara nzima katikati ya ubao, kisha upasue ubao huo kwa urefu kupitia katikati ya matundu. Ubao mmoja unakupa mbao mbili zinazolingana kabisa, na ukingo wa juu wa kila moja ndio mstari wa katikati ya chupa. Kwa hiyo ubao wa tumbo na wa shingo wa safu moja ukivifunga kingo zao za juu zikiwa usawa mmoja, chupa italala karibu sawasawa bila hesabu nyingine yoyote. Kulala huko ndiko tunakotafuta: mvinyo unagusa kizibo cha gome, kizibo hakikauki na hewa haipenyi. Chupa ya kifuniko cha kuzungusha haina shida hiyo, hata ikisimama ni sawa.

Kwa kutoboa tumia biti ya duara yenye meno ukingoni, ile mafundi wa vitasa wanayotobolea milango. Ya milimita 89 kwa tumbo, ya milimita 38 kwa shingo. Funga ubao kwa klampu juu ya kipande cha mbao chakavu, endesha drili polepole, na ikifika nusu ya unene, pale ncha ya katikati inapochungulia upande wa pili, geuza ubao umalizie kutoka huko. Ukitoboa kwa mkupuo mmoja, nyuzi za upande wa chini zitachanika na hakuna msasa utakaoficha hilo. Usipoipata biti kubwa, chora duara kwa bikari ukate kwa jigso, au kwa msumeno wa uzi ukiwa na subira.

Umbali kati ya katikati ya tundu moja na jingine uwe sentimeta 11. Wanafunzi wangu wengi hutaka 10 ili chupa ziwe nyingi. Piga hesabu: tundu ni karibu 9, kwa hiyo ukiweka 10 kinabaki kipande cha sentimeta 1 tu kati ya tundu na tundu. Baada ya kupasua, kipande hicho kinasimama kama jino, na nyuzi zake zimelala kwa mapana badala ya kupanda juu. Jino la namna hiyo linavunjika kwa kugongwa na kitako cha chupa. Ukiacha sentimeta 2, linadumu.

Kwa chupa 16, safu nne za chupa nne nne, unahitaji mbao mbili tu za futi 12: mmoja wa inchi moja kwa sita kwa ajili ya tumbo na shingo, na mmoja wa inchi mbili kwa mbili kwa ajili ya nguzo nne na vipande vya kuziunganisha. Ile moja kwa sita ikishapigwa randa na kupasuliwa katikati, kila nusu inakuwa na kimo cha kama sentimeta 7, na chini ya nusu duara ya tumbo kinabaki kiasi cha 2.5. Kinatosha. Kila ubao ukate sentimeta 53, uweke nafasi nne za 11 katikati na sehemu ya kukaa juu ya nguzo kila upande. Nguzo ziwe na sentimeta 62. Ukingo wa juu wa safu ya kwanza uwe 15 kutoka sakafuni ili deki ipite chini, halafu 28, 41 na 54. Kati ya ubao wa tumbo na wa shingo acha kama 19, lakini usinisikilize mimi hapo: laza chupa yako mezani uone tumbo linaishia wapi na shingo inaanzia wapi.

Chupa 16 zilizojaa zina uzito wa kilo 20 na zaidi, na uzito huo unakaa hapo miaka. Kwa sababu hiyo usitegemee skrubu peke yake. Kila ubao unapokutana na nguzo, chonga pengo la kina cha sentimeta 1 kwenye nguzo kwa msumeno na patasi, ubao ukalie humo kwa kubana. Mbao ibebe mbao, gundi ishike, skrubu ivute tu mpaka gundi ikauke. Toboa kwanza kijitundu cha skrubu, hasa karibu na mwisho wa ubao, la sivyo utapasuka.

Kuhusu mbao yenyewe, mninga ni raha. Haijikunji ovyo, rangi yake inazidi kupendeza, na randa inapita vizuri. Lakini ni ghali na miti yake inapungua porini, na kwa kazi ya kwanza sioni sababu. Paina ya Mufindi inafaa kabisa, mradi iwe kavu. Hapo ndipo Dodoma inapowaumiza watu: mbao inatoka nyanda zenye ukungu, inashushwa kwenye mji mkavu kama huu, na ikitumiwa mbichi inasinyaa ikiwa tayari imefungwa. Viungo vinalegea, ubao unajikunja. Ipange kivulini penye upepo, vijiti katikati ya mbao na mbao, na kila wiki pima kipande kimoja kilekile kwenye mizani. Uzito ukiacha kushuka, mbao iko tayari. Mbao za dawa, zile za kijani za kuezekea, usiziguse kwa kazi hii. Nyingi zina dawa yenye shaba, kromiamu na aseniki, na vumbi lake la msasa ni sumu.

Msasa anza na namba 80, kisha 120, kisha 180, na ndani ya nusu duara viringisha msasa kwenye kipande cha bomba. Vanishi inafaa. Mimi napenda zaidi mafuta ya kitani, yanaiacha mbao iwe na sura ya mbao. Kitambaa ulichopakia mafuta hayo kitandaze nje kikauke, usikikunje ukakitupa kwenye pipa, kwa maana kinaweza kujipasha moto chenyewe mpaka kikawaka. Subiri harufu iishe kabla ya kuingiza chupa.

Shelfu ikae ukuta wa ndani usiopigwa na jua, mbali na jiko, na iwe chini karibu na sakafu. Mvinyo unapenda nyuzi joto 12 hadi 15, na nyumba ya bati isiyo na dari haitafika huko, lakini sakafuni huwa na nafuu kuliko juu. Ifunge ukutani kwa skrubu mbili kwenye nguzo za nyuma, hasa kama nyumbani kuna watoto. Kisha jaza safu ya chini kwanza, chupa nene kuliko zote zikianza, na utikise kwa mkono kabla ya kupandisha safu inayofuata.