Je, wajua kwa nini viongozi wa vyama vya udugu na udada katika vyuo vya Marekani hupewa mafunzo ya uongozi?

Mwanzoni mwa kila mwaka, wanafunzi wengi wa vyuo vikuu vya Marekani, baadhi yao wakiwa hawajafikisha hata miaka 20, hufunga virago na kwenda kukaa siku mbili tatu hotelini au katika kumbi za mikutano ili wafundishwe kuongoza. Hao ni wenyeviti, makatibu na waweka hazina wapya wa vyama vya udugu vya wavulana na vyama vya udada vya wasichana, vile vinavyotambulika kwa majina ya herufi za Kigiriki kama Sigma Chi au Delta Sigma Theta. Watu wengi huvifahamu vyama hivyo kwa sherehe na viapo vya siri, kwa hiyo ni haki kuuliza kwa nini vitumie fedha kuwafundisha vijana kazi ambayo kwa kawaida wataifanya kwa mwaka mmoja tu. Jibu limo katika ukubwa wa mambo wanayokabidhiwa, na zaidi ya hapo, katika vifo ambavyo vingeweza kuzuilika.

Vyama hivi vina umri mkubwa. Phi Beta Kappa, ambacho kilikuwa cha kwanza kujiita kwa herufi za Kigiriki, kilianzishwa tarehe 5 Desemba 1776 katika Chuo cha William & Mary, Virginia, ingawa baadaye kiligeuka kuwa chama cha heshima cha wanafunzi wanaofanya vizuri darasani. Vile vya urafiki na makazi ya pamoja vilianza kushika kasi miaka ya 1820 katika Chuo cha Union, jimbo la New York. Wanafunzi weusi, waliokuwa wakifungiwa mlango na vyama vya wazungu, walijiundia vya kwao: Alpha Phi Alpha katika Chuo Kikuu cha Cornell mwaka 1906, kisha Alpha Kappa Alpha katika Chuo Kikuu cha Howard mwaka 1908. Katika Alpha Phi Alpha walipita Martin Luther King na Thurgood Marshall, jaji wa kwanza mweusi wa Mahakama ya Juu ya Marekani, na Kamala Harris, aliyekuja kuwa makamu wa rais, alijiunga na Alpha Kappa Alpha alipokuwa Howard. Ndiyo maana vyama hivi hujinadi kama kitalu cha viongozi, na dai hilo lina ukweli ndani yake.

Tawi la chama katika chuo kimoja huongozwa na wanafunzi wenyewe. Uchaguzi hufanyika mara nyingi Novemba au Desemba, na Januari uongozi mpya hushika hatamu. Pale ambapo tawi lina nyumba yake, mweka hazina, ambaye huenda hajawahi kusimamia fedha zozote zaidi ya zake za matumizi, hujikuta akikusanya ada na kodi za makumi ya wenzake, akilipa mpishi, umeme, matengenezo na bima. Mwenyekiti naye huongoza vikao, husikiliza mashauri ya nidhamu, na jina lake huwa miongoni mwa majina ya kwanza kutafutwa pakitokea kesi mahakamani. Mwaka ukiisha, wote huondoka na uzoefu wao, na watu wengine huanza upya. Mafunzo yasipotolewa kila mwaka, basi kila baada ya miezi 12 tawi hurudi mikononi mwa watu wasiojua pa kuanzia.

Hili lilionekana mapema. Sigma Alpha Epsilon ilianzisha shule yake ya uongozi mwaka 1935 huko Evanston, Illinois. Mwaka 1986 Alpha Tau Omega ilibuni mafunzo ya LeaderShape, ambayo baadaye yalijitegemea na kufunguliwa kwa wanafunzi wasio wanachama. Sehemu kubwa ya masomo ya aina hii ni kazi za kawaida za uongozi, yaani kuandaa bajeti, kuendesha mkutano kwa kanuni zilizochapishwa na Henry Robert mwaka 1876, kuandikisha wanachama, na kukabidhi nyaraka kwa atakayefuata. Hayo yanahitajika, wala siyadharau, lakini hujifunzwa hata kazini.

Somo zito ni lingine. Mwezi Februari 2017, katika nyumba ya chama cha Beta Theta Pi kwenye Chuo Kikuu cha Penn State, jimbo la Pennsylvania, Timothy Piazza, mwanafunzi wa miaka 19 aliyekuwa ndiyo kwanza anakaribishwa chamani, alinyweshwa pombe nyingi kwa muda mfupi kisha akaanguka kwenye ngazi. Alianguka yapata saa tano usiku. Gari la wagonjwa liliitwa karibu saa tano asubuhi iliyofuata. Kwa muda wote huo nyumba ilikuwa na watu, na kamera za ulinzi ziliwaonyesha wakipita karibu naye. Alifariki dunia hospitalini. Inauma zaidi kujua kwamba, kwa kanuni, nyumba hiyo haikuruhusiwa kuwa na pombe.

Kwa nini hakuna aliyepiga simu? Sababu moja ni hofu: nchini Marekani umri wa kununua pombe ni miaka 21, na kiongozi wa miaka 20 anayeita gari la wagonjwa anajua kwamba huenda polisi wakafuata nyuma yake, na tawi likafungwa. Sababu nyingine ilikwisha kuchunguzwa na wanasaikolojia Bibb Latané na John Darley mwaka 1968. Walimweka mtu katika chumba kisha wakapenyeza moshi. Waliokuwa peke yao, asilimia 75 walitoka kutoa taarifa. Walipokaa na watu wawili walioagizwa kwa siri wasijali, walioripoti walikuwa asilimia 10 tu. Kila mmoja humtazama mwenzake, akimwona ametulia naye hutulia, huku moshi ukizidi kujaa.

Kwa hiyo mafunzo yaliyo bora humwandaa kiongozi kuwa yule mmoja asiyesubiri wenzake. Hufundishwa dalili za sumu ya pombe kwa undani: mtu haamki hata akitikiswa; ngozi yake ni baridi na inageuka rangi ya buluu; anavuta pumzi chini ya mara 8 kwa dakika, au sekunde 10 na zaidi hupita kati ya pumzi moja na nyingine. Hufundishwa kumlaza ubavu ili asipaliwe na matapishi, kutomwacha peke yake, kutomwachia alale akidhani usingizi utamponya, na kupiga 911, nambari ya dharura ya Marekani, papo hapo bila kuomba ruhusa kwa mtu yeyote. Kisha hukaa wawili wawili na kufanya mazoezi ya kusema kwa sauti maneno ambayo ni magumu kuwaambia marafiki: hapana, jambo hili linakoma sasa.

Sheria nazo zimeanza kuliunga mkono somo hili. Pennsylvania ilipitisha mwaka 2018 sheria yenye jina la Piazza, iliyoongeza adhabu kwa wanaowatesa wanachama wapya kama sharti la kukubaliwa chamani, kwa mfano kuwanywesha pombe kama alivyonyweshwa Piazza. Florida, mwaka 2019, iliamua kumlinda na mashtaka mtu wa kwanza kuita msaada akabaki na mgonjwa, na papo hapo ikawaweka hatiani wanaopanga mateso hayo hata kama hawakuwapo yalipotendeka. Kiongozi asiyezijua sheria hizi hubaki na hofu yake ile ile, na hofu hiyo ndiyo inayoua.

Hata hivyo, kuna kikomo cha yale ambayo wikiendi moja inaweza kufanya. Katika jando la jadi la Afrika Mashariki, mwali huwa chini ya kungwi na wazee waliopita njia hiyo miaka mingi kabla yake, nao huwajibika kwa jamii iwapo ataumia. Katika chama cha udugu, anayemwingiza mgeni ni kijana aliyemtangulia mwaka mmoja au miwili, na yeye mwenyewe aliteswa juzi juzi. Kwa sababu hiyo naona wamefanya vyema waliogusa mfumo wenyewe, wala si wahusika tu. Sigma Phi Epsilon iliacha kipindi cha majaribio cha wanachama wapya tangu miaka ya 1990, na Sigma Alpha Epsilon ikafuata mwaka 2014. Kuanzia Septemba 2019, vyama vilivyo chini ya baraza la Marekani Kaskazini la vyama vya wavulana vilipiga marufuku katika nyumba zao pombe yenye nguvu zaidi ya asilimia 15, isipokuwa ikiuzwa na mfanyabiashara mwenye leseni.

Desemba 2024, Rais Joe Biden alitia saini sheria ya shirikisho inayovitaka vyuo vikuu vichapishe hadharani majina ya vyama vilivyobainika kuwatesa wanafunzi, na kuisasisha taarifa hiyo angalau mara mbili kwa mwaka. Mzazi anayempeleka mwanawe chuoni sasa anaweza kuisoma kabla mtoto hajakaribia mlango wa nyumba yoyote, na mwenyekiti mpya wa tawi, akirudi kutoka mafunzoni, anajua kwamba yatakayotokea katika mwaka wake yatasomwa na watu wasiomjua.