Dubai–Guangzhou: kurudi ndiko kurefu

Kazi yangu ni kupanga njia za ndege. Wafanyabiashara wanaopitia Dubai kwenda kufuata mzigo Guangzhou huniuliza: mbona kwenda ni kutwa nzima, na kurudi ni usingizi mmoja tu? Kumbe ni kinyume chake.

Kinachowachanganya ni saa za kwenye tiketi, maana kila mji una zake, na Guangzhou iko mbele ya Dubai kwa saa nne. Chukua ndege inayoondoka Dubai saa 4:00 asubuhi ikasafiri kwa saa 7 na robo: unashuka saa 3:15 usiku za China. Ukiondoka Guangzhou saa 6:00 usiku na kusafiri saa 8 na dakika 20, Dubai unafika saa 10:20 alfajiri. Asiyerekebisha tofauti hiyo atasema alikwenda kwa saa 11 na akarudi kwa saa 4.

Umbali wa moja kwa moja ni kama kilomita 5,830. Miji yote miwili iko karibu latitudo moja, lakini dunia ni duara: vuta uzi juu ya tufe uone unavyopanda kaskazini mpaka kwenye mpaka wa India na Nepal. Hapo Himalaya iko jirani kabisa, na kusogea zaidi hadi juu ya Tibet hatupendi. Hewa ya ndani ya ndege ikivuja, rubani anatakiwa ateremke upesi hadi futi 10,000, watu waweze kupumua bila barakoa. Tibet, ardhi yenyewe kwa wastani inazidi futi 14,000. Utateremka wapi? Kwa hiyo tunabaki kusini, tunakata India na Myanmar, tunaingia China upande wa Kunming, na kilomita zinaongezeka. Anga nayo ina wenyewe: mwaka 2019 Pakistan ilifunga sehemu kubwa ya anga yake kuanzia Februari hadi Julai, ndege nyingi zikalazimika kuzunguka.

Lakini mwamuzi mkubwa ni upepo. Kati ya Desemba na Machi, mkondo wa upepo wa juu huvuma kusini mwa Himalaya kutoka magharibi kwenda mashariki, mara nyingi kwa zaidi ya kilomita 150 kwa saa. Tuseme ndege ina mwendo wa kilomita 900 kwa saa, na wastani wa upepo njia nzima ni 100. Kwenda unapata 1,000, kurudi unabaki na 800. Kwa kilomita 6,000 hiyo ni saa 6 dhidi ya saa 7 na nusu, kabla hujahesabu foleni ya kuruka na mizunguko ya kutua. Mvua za monsuni zikiingia India mwezi Juni, mkondo huo huhamia kaskazini mwa Tibet na tofauti hupungua.

Mashirika huuweka upepo huo kwenye ratiba, ila Januari zipo siku unaizidi ratiba yenyewe. Mwezi huo, ukiwa unarudi na una ndege ya kuunganisha kwenda Dar au Nairobi, mimi nisingekata tiketi inayoniachia saa moja na nusu tu pale Dubai.