Mkuu wa Kaya Ni Nani Hasa?

Kaya, kwa maana ya kitakwimu, ni watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja, wawe ndugu au wasiwe, na mkuu wa kaya ni yule ambaye wenzake humtaja kuwa ndiye kiongozi wao. Maana yake inaishia hapo. Haisemi nani anazalisha, nani anamiliki wala nani anashika fedha, lakini kila takwimu za umaskini zinapotolewa, wachambuzi hulitumia jina hilo kana kwamba linajibu maswali yote matatu, kisha huongeza kuwa ndivyo mila ilivyoagiza tangu zamani.

Hapo mila husingiziwa. Katika jamii nyingi za wakulima barani Afrika, mume na kila mkewe walikuwa na mashamba yao, akiba zao na wajibu wao. Aliyehitaji mtu mmoja wa kudaiwa kwa niaba ya wote ni mkoloni. Mkataba wa Buganda wa 1900, kati ya Waingereza na ufalme wa Buganda katika Uganda ya leo, uliweka kodi ya nyumba ya rupia 3 kwa mwaka, na kodi ya aina hiyo ilipotozwa, mara nyingi nyumba ya kila mke ilihesabiwa kuwa deni la mume. Wanaume wakaenda kutafuta vibarua mbali, wake zao wakabaki kulima. Nchini Kenya, Mpango wa Swynnerton wa 1954, mpango wa serikali ya kikoloni wa kuboresha kilimo cha Waafrika, ulipoanza kugawa hati za ardhi, jina lililoandikwa kwa kawaida lilikuwa la mwanamume, na haki ya mke ya kulima, ambayo ukoo uliitambua, haikuingizwa katika daftari.

Wanauchumi nao kwa muda mrefu waliichukulia kaya kama mtu mmoja mwenye mfuko mmoja. Mwaka 1996 mwanauchumi Christopher Udry alionyesha kwa takwimu za Burkina Faso kwamba, ndani ya kaya ileile, kwa zao lilelile na mwaka uleule, mashamba ya wake yalitoa mavuno pungufu kwa takriban asilimia 30 kuliko ya waume, kwa sababu samadi na nguvukazi zilielekezwa zaidi kwa waume. Kama mfuko ungekuwa mmoja, pembejeo hizo zingehamishiwa pale zinapoongeza mavuno zaidi.

Kwa hiyo anayelinganisha kaya zinazoongozwa na wanaume na zile zinazoongozwa na wanawake hajapima bado hali ya wanawake, kwani wengi wao, hasa walioolewa, wamehesabiwa ndani ya kaya za waume zao.