Safari Rally si ubingwa wa taifa: tunayoyakosea kuhusu msimu wa mbio za magari Kenya

Safari Rally ikimalizika Naivasha na timu za ng'ambo zikafungasha virago, wengi hudhani mbio za magari zimekwisha hadi mwaka ujao. Wapi! Ubingwa wa taifa una msimu wake, duru baada ya duru, na huko ndiko madereva wetu wanakopikwa. Nimezifuata duru hizo miaka mingi, na huniuma kusikia zikisemwa vibaya na watu ambao hawajawahi kula vumbi lake. Haya hapa madai yao, na majibu yangu.

"Anayeshinda Safari ndiye bingwa wa Kenya." Safari ilizaliwa 1953, Malkia Elizabeth II alipotawazwa, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 alishinda Sébastien Ogier, na mwaka uliofuata Kalle Rovanperä. Hao walifuata pointi za dunia. Bingwa wa Kenya hupatikana kwa kujumlisha pointi za msimu: leo Nakuru, kesho Voi, keshokutwa Eldoret. Ukishinda duru mbili kwa kishindo kisha ukavunja gari katika tatu, atakupita yule anayemaliza wa pili au wa tatu kila mara. Ndiyo maana mashabiki wazoefu humsifu dereva aliyefika na gari lililochubuka, huku wageni wakimshangilia aliyepaa kwenye tuta.

"Ni kukanyaga mafuta tu." Hapa ndipo penye kosa kubwa. Magari hayaanzi pamoja. Kila moja huondoka peke yake, mengine yakifuata kwa mwachano wa dakika kadhaa, na mpinzani wake ni saa. Mkondo wa mashindano, yaani kipande cha njia kinachopimwa muda, hufungwa kwa magari mengine. Ila kutoka mkondo mmoja hadi mwingine ni barabara ileile ya matatu na bodaboda. Gari la rali lina namba za usajili, na dereva akipita kasi iliyowekwa huadhibiwa.

Ukipata nafasi, simama karibu na kituo cha muda, pale saa ya kila gari inapokaguliwa. Gari linasimama kabla ya bango la manjano lenye picha ya saa, injini ikinguruma. Mwelekezi, yule anayekaa kando ya dereva, anashuka na kadi ya muda mkononi, kofia ya chuma bado kichwani, anatembea hadi kwenye meza iliyo kando ya bango jekundu na kutulia hapo, macho kwenye saa. Hatoi kadi hadi dakika yake ifike. Akiitoa dakika moja mapema, wanaongezewa dakika nzima. Akichelewa dakika moja, ni sekunde 10 tu. Watu hushangaa kwamba kuwahi kunaumiza kuliko kuchelewa, lakini ina maana: dereva hapati faida yoyote kwa kukimbia barabarani kati ya wananchi. Nimeona duru nzuri ikiharibika kwenye meza hiyo, gari likiwa zima kabisa.

"Mwelekezi ni abiria." Kabla ya mashindano wawili hao huipitia njia kwa mwendo wa kawaida, dereva akizitaja kona na mwelekezi akiandika. Siku yenyewe anayasoma yale maandishi, kona moja au mbili mbele ya gari: "Kulia nne, hamsini, kushoto tatu inabana, usikate, jiwe." Nne na tatu ni ukali wa kona, hamsini ni mita. Akipoteza mstari mmoja tu, dereva anaingia kona asiyoijua. Na vumbi la gari lililotangulia likiwa bado limening'inia, daftari hilo ndilo macho ya wote wawili.

"Kuanza mbele ni faida." Inategemea udongo na hali ya hewa. Kukiwa kukavu bila upepo, wa kwanza anaona njia na walio nyuma wanaendesha ndani ya wingu. Ndiyo sababu waandaaji huweza kuongeza mwachano. Lakini changarawe ikiwa nyingi, yeye ndiye mfagiaji, na wanaomfuata wanapata njia safi. Mvua ikinyesha mambo hugeuka tena, maana wa mwisho wanakuta mitaro iliyochimbwa na matairi ya wenzao.

"Lazima injini iwe kubwa." Gari la daraja la Rally2 lina injini ya cc 1600 yenye turbo. La Rally3, kama Ford Fiesta aliyoiendesha kijana wetu McRae Kimathi kwenye theluji ya Sweden mwaka 2022, lina cc 1500 na silinda tatu. Kinacholipeleka ni magurudumu manne yanayovuta, wepesi wa gari na uwezo wa kupiga mashimo bila kukatika.

"Ni mchezo wa wageni." Gharama ni kubwa, sitaficha, na zinawafungia nje vijana wengi wenye kipaji. Hata hivyo Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho aliyekuwa fundi wa magari, alishinda Safari mara tatu: 1965, 1974 na 1976. Ian Duncan aliishinda 1994. Ubingwa wa Afrika ulichukuliwa na Carl Tundo mwaka 2021, kisha Karan Patel. Wote hawa ni majina ambayo mashabiki wa duru zetu waliyajua kabla Afrika haijayajua.

"Gari likipinduka, kimbilia kusaidia." Nia ni njema, lakini gari jingine linaweza kuwa dakika mbili tu nyuma. Kila gari hubeba bango: upande mmoja OK ya kijani, upande wa pili SOS nyekundu. Walio ndani wakionyesha OK, kaa ulipo na uwaachie njia. Wakionyesha SOS, wanaofuata wanatakiwa wasimame kusaidia na taarifa ifike kwa maafisa wa njia. Na kabla ya yote, usijipange upande wa nje wa kona, hata kama picha huwa nzuri hapo. Panda mwinuko, nyuma ya utepe, mbali na pale gari litakapoelekea breki zikigoma.